Hodi, Mchunga

Mmea wowote uliojiotea ni lazima uripotiwe kabla ya siku tatu kwisha, la sivyo nyumba inakatiwa maji. Kwa hiyo mchunga, ile mboga chungu ya porini, ulipochomoza kwenye ufa wa baraza, niliupiga picha nikaituma kwa watu wa ukaguzi.

Sikumwambia mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo. Tangu tumzike mwanawe, mume wangu, alikuwa hasali na chakula hakimpiti. Asubuhi ile alichutama mbele ya ufa akasema, "Hodi, mchunga," maana bibi zake walimfunza kuomba ruhusa kabla ya kuchuma. Akatafuna majani mawili na uchungu wake, akalia sana. Kisha akaniomba maji ya udhu.

Siku mbili nyumba yetu ilijaa dua. Mimi mwenyewe nilianza kulala usingizi mzuri. Ningeweza kuifuta ile ripoti, lakini niliwaza ndoo tupu.

Siku ya tatu, Mama akiwa amejipumzisha baada ya adhuhuri, watu wa ukaguzi walikuja. Walinyunyiza dawa yao, mche ukayeyuka, wakaondoka bila hata kunisalimu.

Alipoamka aliupapasa ufa kwa vidole.

"Umekwenda zake, Mishi. Asubuhi nilichuma bila kupiga hodi. Nimeukosea adabu."



Akainua mikono, akamwomba Mungu amsamehe kosa lake. Akanigeukia.

"Itikia, mwanangu."

"Amina," nikasema.