Shikamoo Dukani

Tangu serikali ikataze watu kwenda na dawa ya mafua nyumbani, kila mgonjwa alimeza kidonge chake palepale dukani, askari akimkazia macho kooni. Hata Mzee Sharifu, mwuza dawa mwenyewe, alipekuliwa kila alipofunga duka.

Bi Mwanakheri alipokea kidonge, akanywa maji, akageuka aondoke. Hakuwa na mafua; mjukuu wake ndiye aliyekuwa hoi kitandani.

"Shikamoo, bibi," askari kijana akasema ghafla.

Bi Mwanakheri akasimama. Kidonge kilikuwa chini ya ulimi, kimeanza kuyeyuka. Maisha yake yote hakupata kuiacha shikamoo ya mtoto wa mtu bila kuiitikia.

"Nimekuamkia, bibi. Mbona kimya?"

"Marahaba!" foleni nzima ikaitika nyuma yake, hata wasichana wadogo kuliko huyo askari. "Marahaba, mwanangu!"

Bibi akatoka zake, midomo kaibana.

Askari akawakodolea macho mmoja mmoja, kisha akamgeukia mwuza dawa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Sharifu akainama kufuta meza, shavu moja limetuna.