Ulimi wa Kuazima

Vijiko vitatu vya chumvi viliingia kwenye bakuli, na kopo la sukari halikufunguliwa. Mpishi wa keki alikoroga huku amekaza meno, akamimina rojo kwenye kikopo kidogo, akakisukuma ndani ya oveni kando ya keki ya harusi ya watu.

Kikeki kilitoka kimeumuka vizuri, kinanukia vanila, na kwa kutazama usingekitofautisha na kingine chochote. Hiki kilikuwa cha mumewe.

Ulikuwa wivu, na mwenyewe alijua ni wivu. Miaka miwili iliyopita daktari alimwambia ana kisukari, na tangu siku hiyo mikono yake ikawa inapika vitu ambavyo mdomo wake umepigwa marufuku. Muuguzi alimfundisha kwamba hamu ikimshika anywe maji, atafune karanga chache, au apige mswaki. Alipiga mswaki mara tano kwa siku. Mtaa mzima hakukuwa na mwanamke mwenye meno meupe kama yake, wala mwenye hasira kama zake.

Kazi ya kuonja ikahamia kwa mumewe, fundi saa. Kila jioni akirudi kutoka kibandani kwake, kabla hata hajavua koti, alipewa kipande kilichokatwa juu ya keki ili isawazike kabla ya kupakwa krimu. Alikipokea kwa vidole vile vyembamba vilivyozoea kunyanyua skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele. Alikinusa. Alikipeleka dirishani kwenye mwanga, akampa mkewe mgongo, eti anakagua vitundu. Kisha taya zilianza kazi, taratibu, leso ikapita midomoni kufuta makombo, ndipo alipogeuka, macho bado yamefumbwa.

Macho hayo yaliyofumbwa ndiyo yaliyokuwa yakimmaliza. Mtu mzima, anastarehe mbele yake bila haya! Tena mwili wa mumewe haukumsaliti. Yeye akilamba kijiko tu, kipimo cha sukari kinaruka. Mwanamume huyu alikula keki siku saba za wiki, na mkanda wake ukazidi kuhamia matundu ya ndani. Hata chai alikuwa ameacha kuitia sukari, ati inamharibia ladha ya keki. Nguo zake zilifuatwa na sisimizi mpaka kwenye kikapu cha kufulia. Mtu gani huyo, anaishi kwa raha mpaka inamwagikia mifukoni?

"Kwa nini usionje ukiwa umenigeukia, nikakuona?" aliwahi kumuuliza.

"Ukiniona utatamani," alijibu.

Na hilo mkewe alilihesabu kuwa dharau.

Jana alikuwa amelamba mwiko, mwiko mzima, amejificha nyuma ya mlango wa jikoni mwake mwenyewe kama mwizi. Asubuhi hii kipimo kilisoma kumi na sita. Muuguzi alikwisha kumwonya kwamba macho yameanza kuguswa, na sukari ikiendelea kupanda hivi, maua ya krimu atakuja kuyapamba mtu mwingine. Alilia kidogo, akanawa uso, akachukua kopo la chumvi. Alitaka siku moja tu bwana huyu akunje uso kwa keki. Siku moja tu wawe sawa.

Fundi saa aliingia jua likiwa bado dirishani.

"Haya bosi, leo kuna nini?"

"Ya harusi, ile ya ngazi tatu. Nilitoa kidogo nikaoka pembeni ili nisiiharibu." Alikata kichwa cha kile kikeki, akampa. "Onja vizuri. Hao watu ni wagumu."

Alipokea, akanusa, akaenda dirishani, akampa mgongo. Taya zikazunguka. Mpishi alishika ukingo wa meza, akisubiri kumsikia akikohoa, akitema, akikimbilia bomba. Leso ikapita.

"Tamu," alisema, kwa sauti safi kabisa. "Leo umejishinda, mke wangu. Usibadilishe kitu."

Akatundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango, akaenda kuoga.

Mpishi aliosha mabakuli. Akaosha na yale yaliyokwisha kuoshwa. Kumbe huyu mtu hana ulimi! Miaka miwili amemwonea gere mtu asiyetofautisha chumvi na sukari. Miaka miwili ya mswaki na machozi, kwa ajili ya gogo. Maji ya bafuni yalikatika, kitanda kikalia chumbani, na yeye bado anasugua. Hapo akakata shauri: kama ni hivyo, ataonja mwenyewe, kila keki, kuanzia leo, na macho yafanye yatakavyo.

Akakata kipande cha keki ya harusi, kinene, chenye sukari yake kamili. Mate yakamjaa. Akakifikisha midomoni.

Ndipo alipowaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja, wanapanda mlango, wanaukuta msumari, wanateremka ndani ya mfuko wa koti bila kubabaika, kama watu wanaojua wanakokwenda.

Akatia mkono wa pili mfukoni. Kulikuwa na leso, imekunjwa pembe nne. Aliifungua kwa kidole. Ndani yake vililala vipande viwili vya keki, cha jana na cha leo. Sisimizi walikuwa wamekivamia cha jana, wakakiacha kile cha chumvi. Alama ya jino haikuwepo kwenye kimoja wala kingine.