Magoti ya Chuo

Asubuhi ya kura, Leokadia aliteleza akammwagia mwanawe chai ya moto gotini. Gaudensi aliendelea kula muhogo kama vile hakuna kilichotokea.

"Hujaungua?"

"Haya ni ya chuo, mama. Hayasikii kitu."

Hapo hasira zikampanda. Huyu kijana alikwenda chuo kikuu kusomea ualimu. Mpira ukamla magoti yake mwenyewe, chuo kikampa ya mtambo, na madarasani hajaonekana tangu hapo. Sasa ukuta wa sebule, ule unaosema na kupokea kura, ulikuwa unauliza swali moja, kama kuta za kila nyumba mjini Songea: timu za vyuo zinazoingia mtoano ziongezwe, kutoka kumi na mbili hadi ishirini na nne?

"Hapana," Leokadia alimwambia mwanawe. "Waongeze mechi wakuvunje na kiuno? Nasema hapana."

Gaudensi alisukuma sahani pembeni. "Timu yetu ni ya kumi na tisa, mama. Zisipoongezwa hatuingii. Na asiyeingia mtoano anarudisha magoti."

"Anamrudishia nani?"

"Chuo. Kinampa mchezaji mwingine."

"Na wewe utatembea na nini?"

Gaudensi alifuta chai gotini. Leokadia alitamani kuchukua mchi aupasue ule ukuta vipande vipande. Ukuta ukamwuliza tena, kwa sauti ya binti aliyefunzwa adabu.

"Ndiyo," alisema, meno yameumana.

"Ahsante, mama," ukuta ukajibu. "Wazazi wote wa wachezaji wamesema hivyo hivyo."