Sufuri ya Ajwang

Saa nne asubuhi, viwanda vyote vya majani chai vilipotuma ripoti Nairobi kwa pamoja, laini yetu ilisongamana kama kawaida. Mtandao wetu uliitwa ATM, ingawa haukutoa pesa. Ulikata kila ripoti vipande vidogo, na laini ikijaa, vingine vilitupwa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia skrini na kuhesabu vilivyotupwa.

Kimulot, elfu mbili. Kipkelion, elfu tatu. Meza ya Ajwang, mwenzangu wa kazi hapo hapo ofisini kwetu Kericho, sufuri.

Niliitazama hiyo sufuri mpaka macho yakaniwasha. Nikafungua mipangilio ya mtambo. Mtu alikuwa ameandika kwamba vipande vya Ajwang visiguswe, hata laini ijae vipi. Chini yake lilikuwa jina la injinia wa Nairobi, yule aliyekuja mwezi wa tatu kutuwekea mtambo, akashinda akicheka na Ajwang kwa Kijaluo huku mimi nikimshikia nyaya.

Miaka mitatu nimekaa na Ajwang chumba kimoja cha ofisi, na wazo la kumfanyia upendeleo kama huo halijawahi kunijia.

Nikaandika amri ya kulifuta agizo lile. Kidole kilikuwa juu ya Enter Ajwang aliposimama kando yangu na kikombe cha chai kutoka kwa thamosi yake. Kabla ya siku hiyo hakuwa amewahi kunimiminia hata tone.

"Siku hizi ripoti zangu hazikwami," akasema. "Ni wewe umenitengenezea laini, ama?"

Niliondoa kidole, nikapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Sasa nani mwingine?" nikasema.