Buti ya Kushoto

Tangu mume wangu akatwe mguu wa kushoto, podikasti yake ya matembezi ya msitu wa Kazimzumbwi tunairekodi chumbani, hapa Misugusugu. Yeye anasimulia akiwa kitandani. Mimi navaa buti zake, nakanyaga majani makavu ya mkorosho kwenye beseni, wasikilizaji wadhani ni yeye anatembea.

Leo nilimsomea ujumbe wa msikilizaji: “Kaka, Jumamosi tunakuja watu kumi na wawili. Tutembee wote.”

“Nimjibu unaumwa?”

Aliziangalia buti. Ya kushoto bado ina fundo alilolifunga mwenyewe. Mimi huingiza mguu tu.

“Mama Wema, vua hiyo ya kushoto.”

Nikavua, nikautoa mguu kwenye beseni. Akawasha maiki.

“Kanyaga na huo mmoja, wasikie,” akasema.