Spika ya Mke Mkubwa

Robi alisikia salamu za baba kabla ya mtu yeyote nyumbani, akajua amebakiwa na sekunde chache za kuamua.

Alikuwa ameketi kwa mama yake, mke mkubwa, kompyuta kuukuu mapajani na hedifoni masikioni. Kompyuta hiyo, aliyoiwekea mfumo wa Linux, ilinasa redio na kuirusha kwa wifi hadi kwenye spika mbili: moja hapa, nyingine ng'ambo ya zizi, kwa mama mdogo. Ya hapa ilikuwa inachelewa. "Hata redio inaanza kwa mke mwenzangu," mama alikuwa amelalamika, na Robi alikuwa akihangaika kuzifanya ziende pamoja.

Kwenye hedifoni, mtangazaji wa kipindi cha salamu alisoma kwamba baba, aliyeko machimboni Nyangoto, anamsalimu mke wake mdogo na watoto wote wa hapa kijijini Kisaka. Ujumbe: nawakumbuka sana. Kisha muziki.

Vigelegele vikalipuka ng'ambo ya zizi.

"Ametutaja!" Mama aliweka chini ungo wa ulezi. Akapangusa vidole kwa khanga, kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kumpa mgeni mkono. "Ongeza sauti, Robi."

Spika ilitaja jina la baba.

Robi akachomoa waya wa spika.

"Wamekata umeme, Mama."

Mama akauinua tena ungo. Ng'ambo ya zizi muziki uliendelea, safi kabisa, bila kukwama hata mara moja.