Miche Minne ya Mpapai

Mpapai wa marehemu mama yake Siwema ulianguka kwa mvua, na mbegu za papai la mwisho zilichipua nne tu. Siwema aliipeleka miche maabara ndani ya makopo ya maziwa. Sasa Tunu, mpimaji wa vinasaba, alimpa majibu.

"Yote madume, dada. Haitazaa. Ing'oe."

"Hata maua haijatoa!"

"Siku hizi hatungoji maua. Jani dogo linatosha."

Mama yake Siwema alingoja maua. Alipanda miche mitatu shimo moja, akaikagua kila asubuhi na kikombe cha chai mkononi. Dume likichanua alilitukana, "Maringo tu, mzigo huna!" Kisha aliyang'oa, lakini moja aliliacha kila mara lichavushe majike, na mapapai ya majike hayo yalikuwa mekundu, matamu, watoto wakilamba mpaka maganda.

"Dume likichavusha jike la jirani," Siwema aliuliza, "mbegu zitakuwa za mpapai wa mama?"

"Nusu."

"Nusu yanitosha."

Jioni alichimba shimo kando ya ua wa makuti, palipoinamia mpapai jike wa Mama Chausiku.

"Jirani! Jike lako limeposwa?"

"Na nani tena?" ilijibu sauti ng'ambo ya ua.

"Nina waume wanne hapa. Wa nyumba ya mama."

Mama Chausiku naye aliwahi kulamba maganda yale. Kisha makuti yakachakarika, mkono wenye udongo ukapenya, ukapapasa hewani ukitafuta jani.

"Mlete mmoja karibu," alisema. "Nimshike."